Kiti cha bustani kilichokubali kuangalia upande mmoja tu

Wakuu, wa rika langu nawasalimu. Wadogo, shikamoo zenu nimeshapokea, msijaze uzi kwa hizo.

Darasa niliishia la nne, mkiona herufi imeruka mnisamehe. Lakini haya yametokea nyumbani kwangu huku Lushoto, sijaongeza chumvi.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alipata kiharusi mwaka jana. Miguu ilirudi, ila nguvu ya kunyanyuka hana. Akikaa kwenye kigoda ainuliwe na watu wawili, kama gunia la viazi. Ni yeye anayesema hivyo, mimi sijamwita gunia.

Akataka kitu kimoja. Kiti kirefu cha mbao, chenye mikono, kikae bustanini chini ya mpeasi.

"Nikae niangalie njia. Nikichoka nisimame mwenyewe."

Baba Neema, mume wa binti yangu Eliza, akasema mama niachie mimi. Si fundi. Anajua kutengeneza mizinga ya nyuki na banda la kuku. Nikasema sawa, kiti ni miguu minne tu.

Kumbe minne ni mingi.

Kwetu ni mteremko, hata kuku anataga huku ameshikilia. Baba Neema hakukipimia kiti mahali pa tambarare. Alikisimamisha pale pale chini ya mpeasi, kinaangalia bondeni. Kikainamia mbele. Akakata miguu ya nyuma mpaka kikatulia.

Kikiangalia bondeni kimenyooka. Ukikigeuza kiangalie njia, ambayo iko juu, kinalala chali.

Na mzee anataka njia. Bondeni kuna nini, kabichi za jirani.

Mtasema, si umwambie mkwe.

Nilivyolelewa mimi, mama mkwe hamkaripii mkwe wa kiume. Jambo likiwepo namwambia binti, binti anampelekea mumewe. Nikamwambia Eliza, kiti kimepinda, mumeo akirekebishe kabla hajapaka rangi.

Asubuhi namkuta baba Neema anapaka rangi. Ya mafuta, kijani. Mwezi wa saba huo, ukungu umetanda hata mbuzi wako humwoni. Hapa nguo tu inakaa siku nne haijakauka.

Nikamrudia Eliza. Mwambie aache, haitakauka. Akaitikia, ndiyo mama.

Jioni baba Neema akapaka tena, rangi juu ya rangi.

Nilikunywa maji nikalala.

Wiki ikapita, ukiigusa rangi bado inakushika kidole. Mzee akachoka kungoja. Jumapili jua likatoka kidogo, akamwambia baba Neema amtoe nje. Wakakigeuza kiti kiangalie njia. Mimi niko jikoni.

Nikasikia vicheko. Natoka, mzee yuko chali, miguu juu, suruali ya kanisani imeganda kwenye rangi. Na wanakwaya ndio wanapita, wanatoka ibadani.

"Mzee, leo unahesabu mawingu?" mmoja akamwuliza.

Walimbandua watatu.

Mzee hakugomba. Aliniambia tu, "Mama Eliza, nipeleke ndani. Nje basi."

Siku tano hakutoka. Uji anakunywa kitandani, uso ukutani. Hapo niliogopa, wakuu. Mtu wa umri ule akigeukia ukuta, anauzoea.

Siku ya sita nikafunga kanga kiunoni, nikaenda kwa mkwe wangu mwenyewe. Nikasimama mlangoni, nikaangalia pembeni kama inavyopasa.

"Baba Neema, kiti chako kibaya."

Akasema, "Mama, mbona Eliza aliniambia umekipenda sana? Ukasema nikikipaka rangi kitapendeza zaidi."

Kumbe binti yangu anachuja maneno yangu kama chai, mumewe anapelekewa sukari tupu.

Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Mimi nikachimba kwa jembe pale chini ya mpeasi mpaka pakawa tambarare. Yeye akakwangua rangi yote kwa kisu na msasa, akang'oa miguu yote minne. Kabla ya kukata mipya akaenda kumpima mzee kitandani, kisigino mpaka goti, akaongeza vidole vinne. Mzee anaguna tu, "Mnanipima jeneza?"

Rangi hatukupaka.

Kesho yake tukamtoa, tukamkalisha anaangalia njia, tukarudi nyuma. Akashika mikono ya kiti. Akahema. Akasogea mbele. Baba Neema akataka kumkimbilia, nikamshika shati. Mkwe wangu, nimemshika shati, Mungu anisamehe.

Mzee akasimama. Peke yake.

Akakaa. Akasimama tena. Mara ya nne nikamwambia inatosha, mbao zinachoka.

Nililojifunza: kiti kinapimiwa mtu, hakipimiwi mlima. Rangi ya mafuta isubiri jua la mwezi wa kumi na mbili. Na heshima nzuri, ila neno likiwa zito libebe mwenyewe.

Sasa nyie wenye wakwe nisaidieni hapa chini. Eliza sijamgombeza bado. Nimwambie mwenyewe, au nimtume mumewe?