Fasti ya Kufunga na Fasti ya Mbio

Nakumbuka alasiri moja ya Ramadhani hapa Buyenzi, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Nilikuwa bibi harusi bado, hina haijafutika mikononi. Mume wangu Swedi alikuwa na gereji mbele ya nyumba, na Kiingereza chake, alichokiokota redioni, alikivaa kama kanzu ya Idi.

Akaja mgeni asiyejua Kiswahili wala Kifaransa, yeye na mkewe na kitoto kichanga. Walikuwa wanapanda milima kwenda Gitega, na gurudumu la mbele la gari lao lilikuwa linacheza. Mgeni akaligusa kwa mguu, akasema, "Mek it fasti." Swedi akacheka kwa furaha ya kuelewa. Akazungusha nati kwa vidole, akazigusa kidogo kwa spana, akawapungia mkono.

Baba mkwe wangu, Mzee Sefu, alikuwa anatawadha barazani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye meli za kwenda Kigoma.

"We Swedi, ule mutu alisema nini?"

"Mek it fasti, baba. Ni kusema haraka, vite vite!"

"Apana! Kule kwa meli wakisema vile, tulikuwa tunafunga kamba. Fasti ni kufunga!"

"Kufunga saumu?"

"Ile nayo wanaiita fasti. Lakini we, ile pine ya gari uliifunga?"

Swedi alirukia pikipiki ya jirani bila hata kuomba. Mimi nikabaki naenda huku na huku uani, kila nikifumba macho naona kile kitoto na ile milima. Sambusa zikaungua zote. Niliogopa, mwanangu, sikufichi.

Aliwakuta hawajatoka mjini. Walikuwa wamekwama kwenye foleni ya petroli, ile ile tuliyokuwa tunailaani kila siku. Nati mbili zilitoka kwa vidole vitupu. Alizikaza zote, adhana ikamkuta amepiga magoti pale barabarani, na yule mgeni ndiye aliyempa maji ya kufuturu.

Aliporudi, mzee hakumgombeza. Alisema taratibu, "Neno lao lilianza na kushika imara, mbio zilikuja nyuma. Hata sisi, si tunakaza nati, tena tunakaza mwendo? We ulikaza mwendo, nati ukaziacha."

Mwanangu, nakuona na simu yako. Ujumbe hujamaliza kuusoma, vidole vimeshajibu, nami roho haitulii. Ningekuambia haraka haraka haina baraka, lakini hilo umelisikia mpaka limekuchosha. Basi shika hili: kuuliza si ujinga. Neno likikujia na sura mbili, mzuie aliyelisema, umwulize anataka nini hasa, kabla hajawasha gari. Utaona haya kidogo, haya haiui mtu. Swedi alizeeka akiuliza, "Fasti gani?" hata nilipomwambia chai iko tayari, na nilikuwa nacheka, kumbe nashukuru.

Maana foleni ya petroli haikungojei kila safari.

Haya, nenda. Mungu akufungie mlango wa shari, aukaze, na wa heri akufungulie. Amina.