Kuanzia Mbili na Kuendelea

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya pamba na vumbi la chaki. Nilikuwa kidato cha tatu hapa Bariadi, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na mizani yao, wakishindilia pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, gunia moja. Zamani chama cha ushirika kilichagua kwanza, ndipo kikapima.

Mwalimu Masanja alikuwa akitafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda mashindano ya hesabu Dutwa. Miguu yangu haijatulia tangu utoto. Basi likipiga honi, moyo wangu umeshadandia. Nafasi ile niliitaka kuliko chakula.

Akaandika ubaoni: chukua namba, toa mbili, tafuta kipeuo cha pili cha kinachobaki, kisha kipeuo hicho ukizidishe kwa chenyewe. Namba zipi zinaruhusiwa kuingia? Hizo ndizo domeni.

Kutangulia si kufika, lakini nani angeniambia? Niliona kipeuo kikizidishwa kwa chenyewe kinafutika, inabaki namba toa mbili. Nikaandika: zote zinaingia.

"Moja haiingii," akasema Kabula, binti wa kijiji cha Kasoli aliyekaa dawati la mbele.

"We Kabula, kipeuo kimeshafutika! Unaogopa kivuli?"

"Kimefutika mwishoni. Mwanzoni kipo. Moja toa mbili ni hasi moja. Haya, nitafutie kipeuo chake."

Sikukipata. Kwenye namba zetu halisi hakipo.

Mwalimu akacheka. "Kumbe nawe mnunuzi binafsi! Unatazama mzigo juu ya mzani, huulizi umepitia wapi."

Jina likanishika: Mnunuzi. Kabula akapanda basi la Dutwa, mimi nikabaki getini na vumbi lake. Mwalimu akanikuta pale.

"Ng'wanawane," akaniita mwanangu kwa Kisukuma chetu, "unaililia moja iliyokataliwa? Mbona huzitazami zilizopita? Kuanzia mbili na kuendelea zote zinaingia, hazina mwisho. Rudi ubaoni, anzia ndani."

Nikarudi. Kabula aliporejea alinikuta nimejaa chaki hadi nywele.

"Mnunuzi, siku hizi unachagua?"

"Nachagua, dada. Kaa hapa unisahihishe."

Mwaka uliofuata mwalimu alipeleka wawili. Basini nilikaa dirishani, kando ya Kabula.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, mwanangu, na fundisho lile limenifuata kote. Vyaelea, vimeundwa. Jibu likionekana jepesi, rudi kwenye hatua ya ndani kabisa, uulize kama kilichomo chini ya kipeuo si hasi. Kurahisisha mwishoni hakufungui mlango uliofungwa mwanzoni. Kazi ukiahidiwa mbali, iulize vivyo hivyo. Na mlango ukikukataa leo, usilale hapo kizingitini. Songa mpaka uifikie mbili yako.

Mungu akupe subira ya kuanzia ndani, na kutoka hapo asikuwekee kikomo.