Kitufe cha Kusafisha

Municheke polepole, maana hii haya bado iko mbichi, nikiona tu projekteri masikio yanapata moto.

Nilikuwa nachunga mashine ya ofisi moja kule Birere, mutaa wa Goma, iliyokuwa inatunza majina ya watoto waliopotezana na wazazi (wengine ile siku volkano ilipolipuka, wengine kwa vita). Kila programu ilikaa ndani ya kontena yake, yaani sanduku lake, na shefu, mukubwa wetu wa kazi, akaniambia nichague ukurasa wa kuzisimamia zote, ukae ndani ya mashine yetu wenyewe, kwa sababu risasi zikikaribia internet inakatika. Mama Espérance, mwenzangu anayeandika majina, alipenda mumoja mukavu, hauna urembo, unauliza mara mbili kabla ya kufuta kitu. Mimi na kiburi changu nikachukua wenye rangi (muzuri kweli, hata leo nausifu!).

Asubuhi ya kuuonyesha nikaurusha ukutani, ofisi yote imekaa, na Mama Riziki wa kambi ya Kanyaruchinya yuko mbele kabisa, amekuja tumutafutie Baraka, mutoto wake. Nikaona kitufe kimeandikwa «Safisha visivyotumika».

«Angalieni, unabonyeza tu!»

Nikabonyeza. Sasa, sisi kila jioni tunazima kontena zote ili batri za sola zisiishe, na ile ya majina nilikuwa sijaiwasha bado, basi ukurasa ukaona haitumiki, ukaifuta na majina yote, mbele ya watu, kisha ukaandika kwa kijani kwamba kazi imeisha vizuri.

«Papa,» Mama Riziki akaniuliza, «na jina ya Baraka iko wapi?»

Ee Mungu wangu! Niliogopa kwamba nimemupotezea yule mama mutoto mara ya pili.

Mama Espérance hakupiga kelele. Akavuta sakoshi yake ya kukimbia, ule mufuko ambao hapa Goma kila nyumba inauweka karibu na mulango, yeye anakuja nao hata kazini, na katikati ya karatasi za ubatizo na kitambaa cha kikwembe akatoa flash.

«Kila jioni nakopia majina yote,» akasema. «Niliogopa volkano, niliogopa vita. Wewe sikukufikiria.»

Watu wakacheka mpaka shefu akapangusa machozi. Lakini Baraka alikuwa ndani ya ile flash: miaka sita, yuko kwa familia moja Kibumba. Mama Riziki akaketi chini kwenye simenti, akalia, na mimi nikalia naye. Yule Mama Espérance, namuvulia kofia mpaka kesho.

Niliweka ule ukurasa mukavu alioupenda, na niliapa sitafuta tena kitu bila yeye kusimama nyuma yangu. Nikimuita anakuja, sakoshi mukononi.