Rupia Iliyosuguliwa kwa Jivu

Biashara ya pamba ilipofunguliwa, Bariadi ilijaa wanunuzi kama panya ghalani, kila mmoja na mzani wake. Mmoja wao, mtu wa Mwanza, alipanga chumba jirani na kwa sengi, yaani shangazi yangu, nilikokuwa nikiishi. Pamba ilimpa chakula tu. Roho yake ilikuwa kwenye sarafu za zamani. Alikuwa nazo nyingi hadi kitanda chake, naapa, kilizama ardhini.

Mimi mchana nilipakia marobota, jioni nilisoma masomo ya watu wazima, na neno jipya kwangu lilikuwa tamu kuliko nyama. Nikamganda yule bwana. Akanifundisha kwamba sarafu ina uso, upande wenye kichwa cha mtawala. Ina mgongo, upande wa pili. Ina ukingo, pale penye meno madogo. Na ile sehemu tupu isiyo na picha inaitwa uwanja. Nikamuuliza humo wanacheza timu gani. Hakucheka.

Siku moja nikamdokezea kwamba sengi ana rupia ya Mjerumani aliyoachiwa na bibi yake. Macho yakamtoka kama ya kambare. Akasema ana cherehani ya mkono imekaa bure Mwanza. Rupia ikimridhisha, watabadilishana.

Sengi hakupata usingizi. Wakati ule mnada ulifurika suruali za mitumba zilizoshonwa, nadhani, kwa ajili ya twiga, na mji mzima ulitafuta mtu wa kuzipunguza. Cherehani ingekuwa mkombozi wake.

Basi siku ya mgeni akafanya kila anachofanya mwanamke wa kwetu mgeni akija. Alifagia uwanja, akasugua sufuria kwa jivu na mchanga hadi ukajiona meno ndani yake. Kisha akaisugua na rupia. Yule mfalme wa masharubu akang'aa kiasi cha kuwaita kunguru.

Mnunuzi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza.

"Mama, umeiosha."

"Sasa baba, nikupe mgeni kitu kichafu?"

Akatueleza polepole, kama anayetoa habari ya msiba. Ule weusi unaoletwa na miaka huitwa utando, na wakusanyaji huupenda kuliko fedha yenyewe. Ukishauondoa haurudi, na mchanga umeacha mikwaruzo uwanja mzima. Cherehani haikutajwa tena. Sengi aliinamisha kichwa, lakini mgeni haondoki na koo kavu, kwa hiyo akamletea maziwa mgando.

Kibuyu chetu cha wageni kilikuwa na kamba shingoni, na kwenye kamba senti kumi ya kikoloni, ile yenye tundu. Ilikuwa nyeusi kwa moshi na mafuta ya maziwa. Sikumbuki siku hata moja ambayo mtu aliitazama. Mnunuzi alisimamisha kikombe hewani. Tundu halikuwa katikati. Lilikuwa limekimbilia pembeni, likala ncha ya pembe ya ndovu iliyochorwa pale.

Nikauliza hiyo nayo ina jina gani.

"Kosa la kiwandani," akanong'ona. "Mashine imetoboa vibaya. Hizi za kawaida zimejaa kama mchanga wa mto Simiyu, lakini yenye kosa unaweza kuzeeka hujaiona."

Sengi alimwona anavyoitazama, akaona aibu kwa ule uchafu, akakunja ncha ya kanga na kuinyooshea senti mkono aifute.

"Mama," akasema yule bwana, "naomba usiiguse."

Aliondoka na ile senti, na cherehani ililetwa na lori lililofuata. Sengi alipunguza suruali nyingi hadi vipande vingetosha kuifunika barabara mpaka Nyashimo.

Kibuyu nacho hakikubaki uchi. Alimpelekea fundi baiskeli ile rupia inayong'aa, akaitoboa, ikaning'inizwa shingoni. Mnunuzi alipokuja msimu uliofuata na kuiona, alikaa chini kabisa, akaomba maziwa. Sengi akamwonyesha kwa fahari kwamba safari hii tundu liko katikati.