Kisanduku Kilichokubali Mborea

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza tovuti ya duka la pembejeo mjini Bungoma. Niliweka kisanduku cha kutafutia bidhaa, nacho kilifanya kazi vizuri mpaka wateja walipoanza kukitumia. Sisi watu wa Bungoma l na r hatuzibagui. Mtu akiandika "mborea", kisanduku kilimjibu kwamba amekosea, naye alipiga simu kuuliza anatukanwa na nani. Kwa hivyo nikaondoa ukaguzi wote. Chochote ulichoandika kilipita moja kwa moja hadi kwenye hifadhidata ya duka. Nilijiona fundi.

Dada yangu alikuwa na saiba huko Kibomet, Kitale, yenye kompyuta sita. Kwa vile alijivunia mimi, aliifanya tovuti yangu iwe ya kwanza kufunguka kwenye zote.

Basi mtu wa nchi nisiyoijua akaandika kwenye kisanduku, si mbolea wala mborea, bali amri. Hifadhidata ikatii. Tangu siku hiyo kila aliyefungua tovuti aliteremshiwa kirusi bila kuambiwa. Kompyuta za dada zikalala zote sita katika wiki moja.

Dada akatafuta mchawi. Akampata mwalimu mstaafu aliyekuja kila Jumanne, flash ikining'inia shingoni.

"Si ni hiyo flash yako, mwalimu," alimwambia mbele ya wateja. "Iko na ugonjwa. Usirudi nayo hapa."

Mzee aliomba msamaha, akaondoka.

Ukweli niliugundua siku chache baadaye, nikanyamaza wiki tatu. Nilikuwa mwoga, sina neno la heshima zaidi. Nilipomwambia dada, hakunigombeza. Alisema tu, "Basi enda umwambie wewe."

Nilimkuta mwalimu uani akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote: kisanduku, amri, kirusi.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mwalimu."

"Na flash haikuwa na ugonjwa."

"Haikuwa na kitu. Unaweza kurudi nayo hata leo."

Aliendelea kupukuchua.

"Niliitupa kwa choo," akasema. "Nilikuwa naandika maisha ya mama watoto, yasomwe kwa ukumbusho wake. Nilikuwa nimebakisha ukurasa moja."

Akamaliza gunzi lile, akapangusa mikono, akaingia ndani. Alirudi na daftari na kalamu, akavisukuma mbele yangu.

"Andika," akasema. "Alizaliwa Suam."