Nani Aliondoa Magogo ya Kisima

Dada yangu Getruda alizikwa Igalula siku ya Jumatano, na karatasi ya maisha yake ilibeba uongo mpaka saa moja kabla ya kwenda kaburini. Naandika niliyoyaona. Darasani sikukaa. Kusoma nilijifunza kwenye kitabu cha nyimbo, yeye akiimba, mimi nikifuata maneno kwa kidole.

Sisi Wamoravian wa kwetu hatumziki mtu bila kusoma historia yake. Wazee wa kanisa huiandika, kisha ndugu husomewa kwanza ndani ya nyumba, waseme kama kuna kilichokosewa. Kwa kawaida watu huitikia tu "ndivyo", kwa sababu jua ni kali na jeneza linasubiri.

Mchungaji Justus akaanza kusoma. Alipofika kwenye ndoa akasema, "Mungu akampa mume mwema, mzee wa kanisa Zablon."

"Hakupewa," nikasema. "Alimchagua. Baba alimkataza, akaenda kwa miguu mpaka Isikizya kumwambia Zablon alete posa haraka kabla hajaolewa na mwingine."

Watu wakacheka, msibani humo humo. Ndivyo alivyokuwa Getruda. Miaka mingi aliuza karanga kwenye madirisha ya treni pale stesheni. Abiria akilalamika kwamba hazijaiva, humjibu, "Shuka basi tukazikaange upya, treni itakungoja." Alilea watoto wake watatu, akanipokea na mimi mume wangu wa kule Lusu aliponifukuza baada ya miaka kumi na moja bila mtoto. Wakwe zangu waliniambia ni Mungu hakupenda, na mimi mjinga nikaamini kwamba Mungu ndiye aliyetoa sanduku langu nje. Getruda alikasirika sana. "Mungu hakubeba sanduku la mtu," aliniambia. "Alilibeba mumeo, kwa mikono yake miwili."

Mchungaji akaendelea mpaka mwisho. "Tarehe kumi na moja Desemba, kwa mapenzi yake yasiyochunguzika, Bwana akamtwaa mtumishi wake kisimani."

"Ndivyo," wakaitikia.

"Sivyo," nikasema.

Kisima hicho kipo nyuma ya shamba lao, kando ya njia ya zamani ya misafara. Kwetu anayechimba kisima hulaza magogo mdomoni na kuacha tundu la kupitisha ndoo, ili mchotaji asimame juu ya mti, asikanyage ukingo wa udongo. Zablon alilaza magogo manne. Mwezi wa kumi na moja, tanuri la tofali za kanisa lilipopungukiwa kuni, akayang'oa yote manne akayachoma. Getruda alimwomba akate mengine. Mimi nilimwambia mara mbili. Alinijibu, "Shemeji, Bwana ndiye mlinzi. Anayemjengea nyumba atamwacha?" Mvua zikaanza, udongo ukalainika, na asubuhi moja ukingo ukamong'onyoka chini ya miguu ya dada yangu.

"Recheli, kaa chini," shangazi Tunu akanifokea. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ya Mungu haina, shangazi. Ya Zablon inayo."

"Mdomo huo ndio uliokutoa kwa mumeo!"

"Basi leo ufanye kazi ya maana."

Mchungaji Justus ni kijana mpole. Akaniambia, "Mama, Bwana Yesu alisema hata shomoro haanguki chini bila Baba. Siku zetu zote ziko mikononi mwake."

"Shomoro anaanguka na Baba yupo, nakubali," nikamjibu. "Hajasema Baba ndiye anayemsukuma."

Hapo akarudi kwenye karatasi yake. Zablon akajibu mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake karibu na mlango. "Shemeji, siku ya mtu ikifika imefika. Hata kama magogo yangekuwepo."

Nikamgeukia. "Kama ndivyo, jana asubuhi ulikwenda porini na shoka kutafuta nini? Kisima kina magogo mapya leo. Umeyaweka ya nini, kama siku ya mtu haizuiliki kwa mti? Au siku za wageni wako zinazuilika, ya mkeo ndiyo haikuzuilika?"

Shangazi Tunu naye akamgeukia Zablon, akamtazama. Zablon aliinamisha kichwa.

Mchungaji akatoa kalamu, akakata mstari, akaandika mwingine. Hakunisomea.

Kaburini alisoma historia yote kwa sauti, mbele ya kijiji kizima. Mwishoni akasema, "Alianguka katika kisima kilichoachwa wazi."

"Kilichoachwa na nani?" nikauliza.

Kwaya ilikuwa tayari kuimba, watu wakaanza kuninyamazisha. Mchungaji akainua mkono, wakaacha. Hakulitaja jina. Alisimama na karatasi yake, akangoja. Nadhani aliona kwamba neno lile halikuwa lake kulisema. Jua likatuchoma. Zablon alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi.

"Na mimi," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo hata wa nyuma wakauliza, "Kasemaje?" Wa mbele wakawapa neno lile, likaenda mdomo kwa mdomo mpaka kwenye uzio. Mchungaji akaweka karatasi juu ya goti, akaliandika.

Jioni hiyo wazee walinifuata wakinitaka nimsamehe, kwa kuwa amekiri. Nikawaambia bado. Huenda nitafanya hivyo siku moja, huenda nisifanye. Kukataa ni kwangu mimi Recheli, na sitamsingizia Mungu.