Sufuria Iliyokimbiza Kartie

Mwaka ule wa vita, sisi batano wa groupe yetu ya hip-hop tulitoka Butembo kwenda Beni kufundisha batoto kucheza. Direkta wa shule moja ya commune Ruwenzori alitupa uwanja kila Jumamosi mchana, kwa sharti moja.

"Kusumbua kartie, huu mutaa wetu, hapana. Mukisumbua siku moja tu, munarudi kwenu."

Shule mimi niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, mais ndoto nilikuwa nazo: chumba cha simenti, vioo ukutani, jina langu juu ya mulango. Kwa wakati ule tulikuwa na vumbi, radio moja ya kaseti, na batoto makumi tatu, bengi kati yabo bamekimbia vijiji vyabo. Kama uwanja ungefungwa, hatukuwa na kwingine kwa kubapeleka.

Jumamosi ya tatu, pile za radio, betri zake, zikaisha. Asubuhi tulizianika juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, kama kawaida, mais siku ile wingu lilishuka kutoka milimani likakaa juu yetu. Radio ikaimba kwa sauti ya ngombe mugonjwa, halafu ikanyamaza.

"Yaya, mukubwa wetu, na sasa?" akauliza binti mumoja, yule aliyecheza kuliko bote.

Kwetu Butembo, siku ya harusi, bamama banapiga sufuria mupaka bibi arusi afike mulangoni. Donc basi, nilikimbia kwa muke wa sentineli, mulinzi wa shule, nikaazima sufuria na mwiko. Filimbi ya kufundishia nikaiweka mudomoni.

"Yaya, hapana! Sufuria hapana!" binti akalia.

"Acha uoga! Sikia hii!"

Nikapiga. Pa, pa-pa, pa! Na filimbi juu yake. Ilikuwa tamu, kweli. Nikafunga macho.

Nilipoyafungua, batoto bote balikuwa bamelala chini. Sikujua kwamba kule Beni mutu akiona adui, yeye anapiga sufuria na filimbi, nyumba ya pili inapokea, na ya tatu. Tayari kartie nzima ilikuwa inalia sufuria. Njia ikajaa batu: matela ya kulalia kichwani, mbuzi kwa kamba, batoto mugongoni. Na bababa benye mapanga balikuja moja kwa moja kwetu, maana ni sisi tulianza.

"Adui iko wapi?" akauliza shefu wa kartie, pumzi imemwisha, kiatu kimoja tu muguuni.

"Adui hapana, Papa Shefu. Ni pile zimekufa."

Akaniangalia vile mutu anaangalia mwizi; direkta naye alikuwa amefika mbio. "Bijana ba Butembo! Tukimbie sababu ya danse? Direkta, funga uwanja. Leo leo!"

Ndipo nilimuona koko mumoja, bibi muzee, ameketi juu ya mufuko wake wa muhogo. Nikapiga magoti mbele yake. "Koko, unisamehe." Nililia, sifichi. Mais nilipoinuka nikamugeukia shefu.

"Papa, kwa sufuria, unichape hata sasa. Kwa kucheza, siombi musamaha. Hii miguu ya batoto inajua kukimbia tu. Mutuache tuifundishe kitu kingine."

"Kitu gani?" Koko ndiye aliuliza. "Mimi nimekimbia na muhogo yangu yote. Sirudi bila kuona hicho kitu."

Batu bakacheka, kile kicheko cha mutu aliyekuwa anangoja kufa. Binti hakungoja neno langu. Akapiga kifua kwa kiganja, akakanyaga chini mara mbili. Mwingine akafuata, halafu bote: kiganja, kifua, muguu. Vumbi likapanda mupaka magotini. Benye matela bakayatandika, bakakaa.

Shefu alisimama mupaka mwisho na kiatu chake kimoja. Halafu akaninyanganya filimbi na sufuria.

"Hivi vitu ninabeba."

"Na uwanja?" direkta akauliza.

Shefu akatazama batu baliokaa. "Uwanja nitaubebea wapi?"

Jumamosi iliyofuata radio tuliiacha nyumbani, kwa makusudi. Koko alikuwa ametutangulia, ameketi mbele kabisa, bila mufuko.

"Muanze basi," akasema. "Leo nimekuja polepole."